Kifuniko cha nepi kisichopitisha maji: kukichagua, kukishona na kukitunza kwa joto la Mombasa

Mavyaa wangu ni mtu wa usafi. Arubaini yangu ya kwanza ilipokaribia kwisha, adhuhuri moja nilipopitiwa na usingizi, alizikusanya nguo za mtoto zilizokwisha kukauka, akazitandaza juu ya tundu la kufukizia, chini akaweka chetezo chenye udi. Fulana zilitoka zikinukia, na leso pia. Vifuniko vya nepi vinne vilivyokuwa katika rundo hilo navyo vilinukia, ila kwa ndani vilikuwa vimekunjamana kama utando wa maziwa ukiupuliza. Usiku ule mtoto aliloa hadi mgongoni, nami nikaloa naye.

Sikuweza kumlaumu. Kwake yeye nepi ni winda: kipande cha leso kuukuu au cha merikani, unakifua, unakichemsha, unakianika jua kali, ukipenda unakipiga pasi. Winda haliuliki kwa hayo. Nilichonunua mimi kilikuwa kitu cha namna nyingine, na aliyeniuzia hakunieleza tofauti yake. Miaka imepita, sasa nashona vifuniko hivyo nyumbani kwangu Kisauni, na bado kila wiki naletewa vilivyokufa kifo kile kile. Kwa hiyo nimeona niandike kila ninachowaeleza kina mama mlangoni, mara moja tu, ili nipumzishe sauti.

Kwanza jua ulichoshika mkononi

Nepi ya kitambaa ni vitu viwili. Winda hunyonya, kifuniko huzuia. Winda ni pamba na halina siri. Kifuniko ndicho chenye mambo.

Kitambaa chake wauzaji hukiita PUL, yaani nguo iliyogandishwa utando wa poliyurethani. Chukua kipande ukigeuze. Upande mmoja ni nguo ya poliesta ya kufuma, laini, mara nyingi ina maua au katuni. Upande wa pili unang'aa kidogo, na ukiutelezesha kidole unakushika kama ngozi yenye jasho. Mng'ao huo ndio utando, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 25 hadi 50 tu, unywele wa kichwani ni mnene kuupita. Huo ndio uzuiao maji. Nguo ya poliesta ipo kwa ajili ya kuubeba usichanike.

Basi chochote utakachoambiwa hapa chini, cha kufua, cha kuanika au cha kushona, kinarudi kwenye jambo moja: tabaka hizi mbili zisiachane, na huo utando usitobolewe. Zikiachana hakuna dawa. Usihangaike na gundi ya viatu, nimekwisha kuihangaikia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya nguo mbili zilizobandikwa pamoja kwa mpira katikati, na hadi leo ule mpira wa kutandika kitandani tunaobeba kwenda kujifungua tunauita makintoshi. Mpira ule ulikuwa mzito na wenye harufu. Poliyurethani ni nyepesi, inanyumbuka, na inapitisha kiasi kidogo cha mvuke ingawa maji hayapiti. Kiasi kidogo, nasema. Usije ukadhani mtoto amevaa wavu.

Utasikia pia jina TPU. Hiyo ni jamii ile ile, ila utando wake umegandishwa kwa joto bila gundi ya kemikali, na mara nyingi huwa laini zaidi mkononi. Kufua ni kule kule. Tofauti ya bei ikiwa kubwa mno, mimi huchukua PUL na fedha inayobaki naongeza mawinda.

Sasa vile visivyofaa, maana huuzwa kwa jina hili hili. Mpira wa meza, ule wa maua wenye harufu kali ukiwa mpya, hukakamaa, hupasuka kwenye mikunjo na hautoi hewa hata chembe. Kitambaa cha mwavuli na cha koti la mvua hufukuza matone ya mvua, lakini mtoto hanyeshi matone. Anakalia maji na kuyasukuma kwa uzito wake, nayo yanapita. Nimeona vifuniko vizuri kwa macho vilivyoshonwa kwa nguo ya mwavuli, na kila aliyevinunua alirudi analalamika.

Kununua na kupima

Biashara Street utapata leso, pamba na taulo za kukatia mawinda hadi uchoke. PUL haikai kila duka, na wengi huku huagiza kwa wauzaji wa mtandaoni. Njia nyingine inayojulikana na mafundi ni kifuko cha godoro kisichopitisha maji, kile chenye taulo juu na utando chini. Kingi cha namna hiyo ni poliyurethani ile ile. Ukikipata kwenye mitumba Kongowea kwa bei ya huruma, kipime kabla hujafurahi, kwa sababu utando huzeeka hata ukiwa umelala kabatini.

Mimi hupima hivi.

Nakivuta kipande kwa mikono miwili, si kwa nguvu ya kuchana, kisha nakiachia. Utando mzima hurudi na nguo yake. Ulioanza kufa hubaki na vipele, mapovu au mikwaruzo myeupe. Kisha nakiinua kwenye mwanga wa dirisha: ukiona vinukta vya mwanga, rudisha. Halafu nakipuliza kwa mdomo, mng'ao ukinielekea. Hewa isipite hata kidogo.

Kipimo cha mwisho ni cha nyumbani, na ndicho cha kweli. Tandaza gazeti kavu, weka kipande juu yake mng'ao ukitazama juu, kibonyeze kidogo katikati kiwe kama kisahani, mimina maji vijiko vitatu, weka kitambaa kidogo cha pamba juu ya maji hayo, kisha ukandamize kwa kiganja kwa dakika moja, uzito wako wote wa mkono. Gazeti likibaki kavu, kitambaa ni kizima. Usiridhike na kumwaga maji na kuyatazama yakikaa. Hata jani la mgomba linaweza hilo.

Kitambaa kikiwa na upana wa sentimita 150, mita moja hutoa vipande sita vya sentimita 50 kwa 50, na kila kipande kinatosha kifuniko kimoja cha mtoto wa wastani. Mtoto mchanga aliye ndani ya arubaini hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku, lakini kifuniko hakibadilishwi kila mara: kikiwa hakijapata choo, kipanguse, kiache kipate hewa, ukitumie tena zamu ijayo. Vifuniko sita hadi vinane na mawinda ishirini na nne yanakufikisha.

Usinunue mita nyingi za kuweka akiba. Joto na unyevu hula baadhi ya aina za poliyurethani polepole hata kama hazijaguswa, na sisi tunaishi ndani ya joto na unyevu mwaka mzima. Nunua cha kushona mwaka huu.

Kukata na kushona

Ukinunua vifuniko vilivyoshonwa, ruka hapa.

Chora ruwaza kwa kalamu upande wa nguo. Usitumie lile gurudumu la meno la mafundi, linatoboa njia nzima kama mchwa. Pini nazo ziache. Tundu la pini kwenye pamba hujifunga, kwenye utando hubaki milele. Mimi hubana kwa vibanio vya kuanikia nguo, vile vidogo, na hufanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukilazimika kutumia pini, ichome pembezoni kabisa, pale patakapoingia ndani ya mshono.

Sindano ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Fundi wa mtaani hukaa na namba 14 au 16 siku nzima kwa sababu anashona suruali za shule. Hiyo hutoboa shimo la kupitisha mkojo. Mwambie aweke namba 11 au 9, ikiwezekana ile yenye ncha butu ya kushonea nguo za kufuma, na iwe mpya. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba hunyonya, na uzi unaonyonya ni utambi: unatoa maji ndani na kuyaleta nje, tone kwa tone, halafu unalaumiwa utando. Mshono uwe mrefu, milimita 3 hadi 3.5. Mshono wa kukaza-kaza ni safu ya matundu, kitambaa kitachanika hapo kama stempu.

Mng'ao utashika mguu wa cherehani na kitambaa hakitasonga. Weka ukanda wa karatasi nyembamba juu yake, ushone juu ya karatasi, kisha uichane ikimaliza kazi. Watu huniambia watie mafuta kidogo. Hapana. Mafuta utayakuta kwenye winda.

Mng'ao ukae ndani, uelekee winda. Lastiki ya miguuni na mgongoni ishone pembezoni, kwenye ule upana wa kukunja, ili matundu ya sindano yabaki nje ya eneo linaloloa. Kwenye vifungo vya kubana ongeza kipande cha pili cha kitambaa kwa nyuma, la sivyo mtoto akijifunza kujivua atang'oa kifungo pamoja na utando wake. Ng'ambo huwa wanakitia kifuniko kipya kwenye mashine ya kukaushia yenye joto ili utando ulegee uzibe matundu ya uzi. Wengi wetu hatuna mashine hiyo, na nakuomba usiiige kwa pasi.

Kufua

Hapa ndipo vifuniko vinapoishi au kufa, kwa hiyo twende polepole.

Tenganisha kwanza, pale pale unapombadilisha mtoto. Winda upande wake, kifuniko upande wake. Choo kizito kimwage chooni. Cha mtoto anyonyaye tu huyeyuka kwenye maji. Suuza kifuniko kwa maji baridi mara moja, nusu dakika chini ya mfereji au bakuli mbili za maji zinatosha.

Kisha kisilale kwenye ndoo ya maji. Desturi yetu ni kuloweka, najua. Lakini mkojo uliolowekwa hugeuka: bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho ukifunua ndoo asubuhi, na amonia pamoja na joto la chumba huanza kuila gundi. Winda livumilie, kifuniko kisivumilie. Kiweke kwenye ndoo kavu iliyo wazi au mfuko wa wavu, na usikichelewe zaidi ya siku moja. Siku ya pili ni kwa dharura ya maji, na Mombasa dharura hiyo tunaifahamu.

Maji ya kufulia yawe vuguvugu, nyuzi 40 hivi, yaani mkono unayakubali bila kukimbia. Tangi jeusi juu ya nyumba hutoa maji ya namna hiyo saa nane mchana bila kuwasha jiko, faida moja ya jua letu. Tumia sabuni ya unga, kiasi kidogo, na ikorogee kwanza hadi iyeyuke. Fikicha kwa mikono, utando dhidi ya kiganja, si utando dhidi ya utando. Usisugue kwa brashi. Usipige kwenye jiwe. Na usikamue kwa kusokota: unaposokota, nguo inavutika kwa kiasi chake na utando kwa kiasi chake, hapo ndipo mapovu ya kwanza huzaliwa. Kibonyeze kati ya viganja viwili maji yatoke, kama unavyobonyeza nazi iliyokunwa kwa upole unapotafuta tui la pili, si la kwanza.

Kwenye mashine, funga vifungo vyote, geuza utando uwe ndani, na chagua mzunguko wa taratibu. Velkro ikiachwa wazi itakwaruza kila jirani yake.

Sabuni ya kipande ya kawaida ni nzuri kwa shuka lakini si kwa hizi, hasa ukifua kwa maji ya kisima. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vingi hubeba chumvi pamoja na chokaa ya mwamba huo. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hufanya ule ukoko wa kijivu unaoelea kwenye beseni. Ukoko huo hukaa kwenye nyuzi za winda, winda linaacha kunyonya, mkojo unatafuta njia ya pembeni, na mama anakuja kwangu akisema kifuniko chavuja. Kifuniko hakina kosa lolote. Maji ya bomba ya Mzima au ya Baricho yakija, yawekee nepi mtungi mmoja wa lita 20 pembeni, walau kwa kusuuzia mara ya mwisho. Yasipokuja, tia kijiko cha magadi kwenye maji ya kufulia mawinda peke yake. Magadi ni soda, hulainisha maji magumu. Suuza vizuri baadaye.

Yafuatayo usiyape kifuniko kabisa.

Jiki. Mara moja kwa ugonjwa wa kuhara labda, kidogo mno, na kusuuza mara tatu. Kila wiki, hapana: klorini hukausha lastiki na kuudhoofisha utando.

Maji yanayochemka. Mawinda chemsha upendavyo, nyanya zetu walikuwa na sababu. Kifuniko kisiingie sufuriani.

Dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri. Inalainisha kwa kupaka nyuzi ngozi ya mafuta, na winda lenye ngozi ya mafuta halinywi.

Pasi, ya umeme au ya makaa. Na udi, kama mnavyojua. Ukitaka nguo za mwanao zinukie, fukiza shuka lake.

Sasa la mafuta ya mtoto. Krimu za zinki na mafuta mazito ya mgando hubandika winda na kulifanya lifukuze maji. Mtoto akihitaji krimu, basi apakwe, ngozi yake kwanza. Lakini weka kitambaa chembamba cha kutupa au kipande cha leso kati yake na winda. Mafuta ya nazi ni mepesi zaidi kufulika, maana huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi na hapa kwetu karibu hayagandi mwaka mzima.

Kuanika

Winda juani, kifuniko kivulini. Ukisahau yote ya juu, shika hili.

Jua ni rafiki wa pamba. Doa la njano ambalo sabuni imelishindwa, ukilianika likiwa bado limeloa, saa chache za jua zinalififiza kwa namna ambayo hata jiki haifanyi. Lakini miale hiyo hiyo, na joto lake juu ya sakafu ya zege saa saba mchana, huchosha poliyurethani. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua letu halichomozi pembeni, linatusimamia kichwani. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alianika vifuniko vyake juani kila siku msimu mzima wa kaskazi. Hadi mvua za mwaka zinaanza, vilikuwa vikitoa vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Vyangu vya kitambaa kile kile, vilivyokaa kwenye kamba ya barazani, vilimpokea mtoto wa pili.

Kwa hiyo kamba iwe barazani au chini ya mti, penye upepo. Upepo wa bahari hukausha kifuniko kwa saa chache, kwa sababu utando haushiki maji. Kinachokawia ni mishono na lastiki. Kilaze juu ya kamba kwa upana, usikitundike kwa lastiki, maana uzito wa maji utaivuta ilegee. Mng'ao utazame chini au ndani.

Miezi ya mvua kubwa, Aprili hadi Juni, ni shida nyingine. Kila kitu hukaa na unyevu na kuvu huja kwa siku mbili. Hapo mimi huanika ndani, mbele ya feni, vikiwa vimeachana. Si juu ya jiko, wala nyuma ya friji penye joto. Na jambo ambalo watu hawaambiwi: usikikunje kikiwa bado cha moto, mng'ao ukigusana na mng'ao. Tando mbili za moto hushikana, na ukizibandua moja inaweza kuondoka na ngozi ya mwenzake. Acha kipoe, ndipo ukunje.

Kinapovuja

Kabla hujakitupa, rudia kipimo cha gazeti, safari hii kwa kifuniko chote. Kifanye kama bakuli, mimina nusu kikombe cha maji, weka winda juu ya maji, kandamiza dakika moja, kisha soma gazeti, maana litakuambia.

Likiloa katikati, utando umeachana au umetoboka. Geuza ndani utafute mapovu, mikunjo au pale nguo inapoonekana bila mng'ao. Hicho kimekwisha kazi ya usiku.

Likiloa mstari mstari, ni mshono. Angalia uzi kama ni wa pamba.

Likibaki kavu, kifuniko ni kizima na kosa liko kwingine. Mara nyingi ni winda lililochungulia nje kwenye paja: ncha ya pamba ya ukubwa wa ukucha inatosha kuloanisha shati lote. Ingiza vidole pande zote baada ya kumfunga mtoto, kila mara. Au ni winda lisilonyonya. Lidondoshee tone la maji, likikaa juu kama lulu lina mafuta au ukoko wa sabuni, lichemshe. Au paja linaacha nafasi. Lastiki iguse ngozi yote bila kuacha alama nyekundu isiyoondoka. Au tu umechelewa. Mtoto wa miezi sita akilala tangu isha hadi alfajiri na winda moja, hakuna utando duniani utakaokusaidia. Weka mawili.

Na mchana wa joto, kila saa mbili au tatu mbadilishe hata kama hajajaa. Harara inayokuja kiunoni na mapajani mara nyingi si ugonjwa, ni jasho lililokosa pa kwenda. Mlaze kwenye mkeka juu ya leso, bila kitu, robo saa. Leso italoa. Ndiyo kazi yake. Upele ukiwa mwekundu sana, wenye vidonda au vidoadoa vinavyosambaa, mpeleke kliniki, usiutibu kwa kubadilisha nepi.

Kuviweka kwa ajili ya mdogo wake

Fua, kausha hadi mishono, subiri siku moja zaidi. Vikunje bila kukaza, mng'ao mmoja usigusane na mwingine, weka kipande cha pamba katikati, na vitie kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko wa nailoni uliofungwa hufungia unyevu wetu ndani na ukifungua baada ya mwaka utakuta vinanata kama peremende iliyosahauliwa mfukoni.

Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza nondo na mende usiviweke kabisa kwenye nguo za mtoto. Mvuke wake hubaki kwenye nguo, na mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu, hali isiyo nadra huku Pwani, anaweza kuvunjikiwa na chembe zake za damu kwa kuvuta au kugusana na mvuke huo. Karafuu chache ndani ya kijifuko cha leso zinatosha kwa harufu, na Marikiti zimejaa.

Kifuniko kilichokufa kina kazi zake. Kikate mifuko ya kubebea nepi mbichi ukitoka, au kipande cha kuweka chini ya mtoto unapombadilisha kwenye matatu ya Likoni. Kimoja kati ya vile vinne vya udi bado ninacho. Kiko kwenye droo ya cherehani. Mteja mpya akija, namkabidhi, namwambia akwaruze ndani kwa ukucha. Utando hutoka kama ganda la kitunguu, na baada ya hapo huniuliza mwenyewe kamba ya kivulini aifunge wapi.